Jenereta lilizimika mzee akiwa ndio anaanza kusema. Mara ya pili nifanyeje?

BintiMchukuzi

Habari za jioni nyote. Nina swali, lakini bila kisa halitaeleweka, kwa hivyo nivumilieni.

Sisi ni kikundi cha vijana kumi na mmoja, upande wa bara hapa Mombasa, kwenye kijiji kilichogusana ukuta na kiwanda. Kiwanda sitakitaja. Wenyeji mshakijua, na asiye mwenyeji jina halimsaidii kitu. Usiku kuna harufu kama ya kucha inayoungua. Asubuhi ukipitisha kidole juu ya kifuniko cha pipa la maji kinatoka cheusi. Tumepeleka barua tatu mahali panapopelekwa barua, zote zimepigwa muhuri wa kupokelewa, na hakuna hata moja iliyojibiwa.

Jumamosi iliyopita tukasema tuonyeshe sinema uwanjani, labda watu wakiona wenzao waliopambana watapata moyo. Projekta tuliazima kanisani, spika tukapewa na jamaa wa kupiga muziki harusini, jenereta tukakodi. Skrini ni shuka mbili alizotuunganishia mamangu kwa cherehani, na mpaka leo ananiuliza zinarudi lini. Filamu ilikuwa ya kule Nigeria, Niger Delta, watu wa Ogoni ambao mabomba ya mafuta yaliwaharibia mto. Saa moja na nusu, inasemwa Kiingereza, na maandishi ya chini nayo Kiingereza.

Saa moja na nusu usiku uwanja ulikuwa umejaa. Nusu watoto, lakini umejaa. Kufika saa mbili na robo kina mama wakaanza kuinuka mmoja mmoja, na watoto walikuwa wanashindana kuweka vivuli vya vidole kwenye skrini. Upepo nao ukaingia, shuka ikawa kama tanga, uso wa yule mama wa Nigeria unavimba na kunywea. Saa tatu tulibaki kama thelathini.

Sasa hapa ndipo pananikosesha usingizi. Kuna mahali filamu inaonyesha mikoko yenye mafuta meusi, mizizi yote imepakwa. Mzee mmoja mvuvi, aliyekaa juu ya ndoo aliyokuja nayo mwenyewe, akasema kwa sauti, "Hii ni Makupa." Vijana wakacheka, wakamwambia babu hiyo ni Nigeria. Akasema, "Najua ni Nigeria. Nasema hii ni Makupa. Themanini na nane." Filamu ilipokwisha nikampa maiki. Akaanza kueleza jinsi mafuta yalivyomwagika Makupa, ule mkono wa bahari wa hapa Mombasa, mwaka 1988, na kwamba mti uliotangulia kufa ni mchu, kwa sababu mchu unapumua kwa vile vidole vyake vinavyochomoza kwenye tope, na mafuta yakishavifunika basi umezibwa pua. Akasema walikuwa wakikanyaga, mguu unatoka na... na hapo hapo jenereta likakohoa, likazimika. Petroli imekwisha. Giza tupu. Watu wakawasha tochi za simu wakaenda zao. Mzee akachukua ndoo yake.

Mimi nimezaliwa hapa, nina miaka ishirini na sita, na sijawahi kuambiwa habari ya 1988 na mtu yeyote. Wenye uzoefu wa kuonyesha filamu vijijini, nisaidieni. Nawezaje kuwaweka watu mpaka mwisho? Na yule mzee nimrudishe vipi?

---

FundiStima

Pole dada. Nianze na jenereta maana ndilo langu. Projekta ya kawaida inakula wati mia mbili hamsini, mia tatu. Laptopu sitini. Spika moja ya harusi weka mia mbili. Jumla haifiki hata wati mia sita. Nadhani mlikodishiwa jenereta la kuchomelea vyuma, linakunywa petroli kama ng'ombe. Tafuta dogo la kilowati moja, ujaze tangi mbele ya macho yako, na lita mbili za akiba. Uliweke mbali, mita thelathini, nyuma ya nyumba, la sivyo mnasikiliza jenereta badala ya filamu.

Spika iweke pembeni ya skrini, sio pembeni ya projekta. Sauti ikitoka mgongoni na picha iko mbele, mtu anachoka bila kujua kinachomchosha.

Shuka: ifungeni chini pia, pande zote nne, na kamba za mtumba zinatosha. Lakini kama kuna ukuta wa madrasa au wa duka uliopakwa chokaa, achaneni na shuka kabisa. Ukuta haupepei. Mrudishie mama shuka zake.

---

Babu wa Video

Mwanangu BintiMchukuzi, nimesoma nikacheka, kisha sikucheka tena.

Mimi nilikuwa na chumba cha video Likoni tangu 1991 mpaka sidii zilipotumaliza. Televisheni moja, benchi sita, pazia jeusi. Tulionyesha za Kihindi na za ngumi. Wateja wangu Kihindi hawakijui, Kichina hawakijui, Kiingereza ni cha kuombea maji. Unadhani walikaaje saa tatu? Nilikuwa nasema. Nasimama kando ya televisheni na kijiti, nawaambia huyu ni nani, amekosana na nani, na sasa hivi anadanganya. Watanzania walikuwa na Lufufu, aliwasimulia picha za kigeni mpaka watu wakawa wanakuja kumsikiliza yeye kuliko picha. Siku hizi vijana wa Kenya wana DJ Afro. Ni kazi ile ile. Nyinyi mmewapa kina mama wa kijijini saa moja na nusu ya Kiingereza gizani, na maandishi madogo juu ya shuka inayopepea, halafu mnashangaa wameenda kulaza watoto.

Kwa hivyo la kwanza, tafuteni msimuliaji. Sio wa kutafsiri neno kwa neno, huyo anachosha kuliko filamu yenyewe. Mtu wa maneno, wa kwenu, aliyeitazama filamu mara tatu nyumbani, anayejua wapi pa kusema na wapi pa kunyamaza. Yule mama wa Nigeria akilia, msimuliaji anyamaze. Kilio hakina tafsiri.

La pili ndilo kubwa. Mzee aliposema "hii ni Makupa", filamu ilitakiwa isimame pale pale. Bonyeza, picha igande kwenye ile mikoko, maiki iende kwa mzee. Hata akisema nusu saa. Hata filamu isimalizike usiku ule. Wewe ulimsubirisha mpaka mwisho kama mgeni wa heshima, na kufika mwisho hakuna watu, hakuna petroli. Watu wa Ogoni wamekuja kwenu usiku ule kuwachokoza mseme yenu. Wakishawachokoza kazi yao imekwisha, waache wapumzike.

Mimi sasa nina miaka hamsini na tisa na nimerudi kwenye mchezo huu kwa mlango wa nyuma. Kikundi cha wavuvi cha hapa kwetu huniita niwashughulikie mitambo. Tumejifunza kwa kuumia. Dakika ishirini, simama, watu waseme. Dakika kumi na tano, simama. Na watoto wape katuni yao saa kumi na mbili na nusu, kabla ya watu wazima kufika. Wakishashiba katuni wanalala mapajani.

---

Mtu wa Chumbageni

Wakuu, salamu kutoka Tanga. Namuunga mkono Babu kwa asilimia mia, niongeze la kwetu.

Sisi tulionyesha kwenye vijiji vya wavuvi, mada ni uvuvi wa baruti, enzi zile mlipuko ulikuwa unausikia ukinywa chai. Tulikodi kibanda umiza, kile kile cha mpira, maana watu wameshazoea kuingia pale na mwenye kibanda ana kila kitu. Kosa letu la kwanza, tulipanga siku ya Simba na Yanga. Sihitaji kueleza kilichotokea. Angalieni ratiba ya mpira kabla ya ratiba ya mbunge.

Kosa la pili, filamu ilimwonyesha mvuvi wa baruti kama jambazi tu. Na ndani ya kibanda kuna watu wanaojua nani anapiga, wengine ni wajomba zao. Kimya kikatanda. Hakuna aliyefungua mdomo. Mara ya pili tukabadilisha, tukaonyesha matumbawe tu. Kabla na baada. Kabla ni kama bustani, baada ni kama kifusi cha nyumba iliyobomolewa. Hakuna mtu aliyetajwa, hakuna sura. Hapo ndipo maneno yakatoka, na aliyeanza ni jamaa mwenye mkono mmoja. Hakuna aliyemuuliza mwingine uko wapi.

Kuhusu saa: kina mama wa pwani ukiwaita saa mbili usiku umeshawaambia msije. Waonyesheni mchana, saa nane mpaka saa kumi, kwenye ukumbi, mzibe madirisha kwa mablanketi. Joto litakuwepo, lakini watakaa. Wanaofua na kuchota hayo maji yenye masizi ni wao. Zanzibar, tamasha lile la nchi za jahazi, tangu zamani huwa linatoka Ngome Kongwe na kupeleka filamu mashamba, Unguja mpaka Pemba, na kina mama wanapata maonyesho yao. Sio jambo geni.

---

Mhariri Nairobi

Nafanya kazi ya kuhariri filamu za makala, kwa hivyo mnisamehe nikimpinga Babu kidogo.

Kusimamisha filamu kila baada ya dakika ishirini ni kuivunja. Mtu amekaa miaka minne akiipanga ile hadithi, ukimya wake una maana, mwendo wake una maana. Ukiikatakata umeigeuza chati ya darasani. Kuna filamu nzuri za dakika kumi na tano, ishirini. Onyesheni hizo, nzima, halafu jadilianeni. Msichukue ya dakika tisini mkaichinja.

Mawili ya sheria, kwa haraka. Mwandikieni mwenye filamu kuomba ruhusa. Wengi wa hizi filamu za haki za mazingira huitoa bure kwa maonyesho ya jamii yasiyo na kiingilio, na wengine watawapa nakala yenye maandishi ya Kiswahili ambayo hamkujua ipo. Na hapa Kenya filamu ya kuonyeshwa hadharani inatakiwa iwe imeainishwa na bodi ya filamu, halafu mkutano wa hadharani unataka taarifa kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi cha eneo, siku zisizopungua tatu kabla na zisizozidi kumi na nne. Pelekeni nakala mbili, moja ipigwe muhuri mbaki nayo. Mkiwa karibu na kiwanda, hiyo karatasi itawafaa siku askari akija kuuliza mmeruhusiwa na nani.

Na jambo la mwisho, filamu nyingi hizi hukoma pale watu wanaposhangilia nje ya mahakama. Muwaambie watu na yanayofuata. Mfano uko kwenu hapo hapo: Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifungwa 2014. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikawapa wakazi shilingi bilioni 1.3 kwa sumu ya madini ya risasi. Wakashangilia. 2023 Mahakama ya Rufaa ikaifuta hukumu. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Miaka kumi, na kuna watoto waliokuwa tumboni kiwanda kikifungwa ambao sasa wanakwenda shule. Hakuna filamu ya dakika tisini inayoweza kumfanya mtu auhisi urefu huo.

---

Babu wa Video

Mhariri, heshima yako iko palepale, na filamu fupi nakubali. Lakini ukimya wa filamu hauwezi kushinda sauti ya mzee aliyekanyaga yale mafuta. Ikibidi kimoja kivunjwe, nitavunja filamu. Aliyeitengeneza hayupo pale uwanjani, mzee yupo.

Hayo ya Owino Uhuru umenena. Siku moja kwetu tuliandika miaka hiyo minne kwa kalamu nene kwenye katoni, tukaibandika kando ya ukuta wa sinema. Mama mmoja alisimama mbele ya ile katoni muda mrefu. Akauliza, "Kwa hivyo ni lazima tuugue kwanza ndio tushtaki?" Hakuna aliyekuwa na jibu usiku ule. Nilikwenda kutafuta. Katiba, Ibara ya 42 inakupa haki ya mazingira safi, na Ibara ya 70 inasema anayekwenda mahakamani kuitetea si lazima athibitishe kwamba kuna mtu ameumia au amepata hasara. Nikarudi kumwambia. Akasema niiandike nayo kwenye katoni. Sasa tunatembea nayo, imechakaa lakini ipo.

---

mgeni_4471

Nimejiandikisha ili niandike hili tu.

Ninafanya kazi kiwanda hicho. Jumamosi nilikuwepo, nilisimama nyuma ya kibanda cha viazi karai, mahali taa haifiki. Hatukuwa mmoja. Kuna kijana wa kikundi chenu alikuwa anapiga picha watu kwa simu, na taa ya simu inawaka. Nilipoiona nikaondoka, na wenzangu watatu wakaondoka. Sio kwamba filamu ilituchosha. Msimamizi wetu anaishi barabara hiyo hiyo, na mshahara wangu unalisha watu saba.

Ile sehemu walipotaja pauni milioni 55 ambazo kampuni ya Shell ilikubali kuwalipa watu wa Bodo, kule kule kwa Waogoni, mwaka 2015, jirani yangu alitoa simu akapiga hesabu. Akasema gawanya kwa watu elfu kumi na tano na ushee. Akanyamaza. Akasema, na mto je?

Msituulize mikono juu nani anafanya kazi ndani. Msituite jukwaani. Lakini tunajua ni saa ngapi wanafungua ile tanuru kubwa na kwa nini ni usiku. Mkiweka sanduku lenye tundu, la kuandika kikaratasi, mtapata vikaratasi.

---

BintiMchukuzi

Sijui nimjibu nani kwanza. mgeni_4471, samahani. Yule mpiga picha ni mdogo wangu, na mimi ndiye niliyemtuma apige za kuweka kwenye ukurasa wetu. Picha zote nimezifuta jana usiku baada ya kusoma ulichoandika, na tatu zilizokuwa zimeshawekwa nimeziondoa. Mara ya pili hakuna simu itakayoelekezwa kwa watu. Sanduku tutaweka kwenye duka la maji, sio uwanjani, ili mtu atie kikaratasi akienda kuchota, mchana, na hakuna atakayejua ni nani.

Kwa yule mzee nilikwenda leo asubuhi bandarini kwao. Nilikuwa nimejitayarishia hotuba nzima ya kumwomba radhi. Hata hakunisikiliza. Akaniuliza kama nina mashine ya kurekodi, nikamwambia simu inarekodi, akasema basi keti. Nimerekodi dakika arobaini. Ananitajia miti kwa majina: mchu, mkoko, mkandaa, mlilana, na ipi ilirudi na ipi haikurudi, na mahali alipokuwa akitega kaa na sasa hapategeki. Nikamwuliza aliyaambia haya nani wakati ule. Akasema, "Walikuja watu na madaftari. Wakaandika. Wakaondoka na madaftari yao." Nikamwahidi nakala ya sauti ibaki kwake, kwenye kadi ya simu ya mjukuu wake. Alinifanya niihamishe pale pale kabla sijaondoka.

Mpango sasa ni huu. Kina mama Alhamisi saa nane, ukumbi wa madrasa, maalimu amekubali sharti tumalize kabla ya Alasiri. Uwanjani Jumamosi, nimeangalia, Arsenal hawachezi. Filamu ya dakika kumi na nane, ambayo mwenyewe amejibu barua pepe yangu kwa siku moja tu na kusema tuitumie. Msimuliaji ni shangazi yangu anayeuza mabuyu, mkimsikia akimsema mtu mtaelewa kwa nini. Barua ya OCS inakwenda kesho. Halafu filamu ikifika kwenye maji, tutaisimamisha, Mhariri utuwie radhi, na mzee ataendelea kuanzia pale mguu wake ulipotoka kwenye tope.

Kilichobaki ni waya. FundiStima amesema jenereta liwe mita thelathini, na sisi ekstensheni yetu ni ya mita tano. Nani yuko karibu na anayo?

---

Babu wa Video

Ninayo ya mita hamsini, ya gurudumu. Nitavuka na feri Jumamosi saa tisa. Mtu awe ng'ambo ya kisiwani na tuktuk, sio bodaboda, lile gurudumu ni zito na bega langu si la 1991. Na mwambie mzee wa ndoo nitamletea kiti.

---

mgeni_4471

Madirisha ya ukumbi wa madrasa ni sita, mablanketi yenu hayatatosha. Nimeacha mawili kwenye duka la maji. Si lazima yarudi.